Nzi wa Jumapili

Mzee Nukta hakupewa jina hilo kwa mzaha. Miaka thelathini na minne alipanga herufi katika kiwanda cha kuchapa, na nukta moja ikikosekana kwenye ukurasa uliojaa maneno mpaka pembeni, yeye aliiona hata kabla hajavuta kiti. Wenzake wa mashine walikuwa wakimtegea makusudi. Wanaitoa nukta mahali, kisha wanakaa kimya kumngoja. Hawakumpata hata siku moja. Alipostaafu, kazi ilibaki kiwandani, lakini jina alirudi nalo nyumbani.

Dada yake aliyemfuata kuzaliwa alishona vifungo kwenye kiwanda cha sare mpaka vidole vikaota sugu, basi kaka mtu akampachika jina la Vifungo. Alipofiwa na mumewe, kaka alimfuata na gari la mizigo. "Njoo ukae kwangu," alimwambia. "Nyumba ina vyumba vitatu, na mimi nina mgongo mmoja tu wa kulaza." Wakati huo mke wa kaka alikuwa hai, wifi wa maneno machache na mkono mkunjufu. Baada ya miaka mitano naye akafariki, wakabaki ndugu wawili wa tumbo moja, kila mtu na chumba chake na kimya chake.

Kilichowakutanisha ni nzi.

Si hawa wa jikoni. Walikuwa nzi wa kutengenezwa kwa mkono, wa kuvulia trauti, yule samaki wa mito ya baridi huko milimani juu ya mji. Trauti hashikwi kijinga. Anakaa chini, anatazama juu, anachagua mdudu wa kula kama mama anayechagua nyanya, anagusa na kuacha. Ukimtaka, chukua ndoana ndogo kama punje ya mchele, uivalishe uzi, unyoya wa shingo ya jogoo na nywele mbili tatu za mkia, mpaka ifanane na mdudu aliyetua majini. Mkia ukipinda, haji. Mzee Nukta alifundishwa kazi hiyo na msimamizi wake wa zamani, ikawa ndiyo starehe yake. Naye akamfundisha dada yake, akisema mikono iliyozoea matundu ya vifungo isiachwe ikae bure.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana waliketi kwenye meza ya dirishani, kila mmoja na jiliwa yake ndogo ya kushikilia ndoana. Vifungo alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo jiliwa yake ilitazama upande mwingine na uzi wake ulizunguka kinyume.

"Wewe unafunga kama mtu aliye ndani ya kioo," kaka alimtania.

"Na wewe unafunga kama mume anayemwogopa mkewe."

"Nilimwogopa, ndiyo. Hata wewe ulikuwa ukipita mlangoni kwa ncha za vidole."

Kila mmoja alifunga nzi sita, wakachomekwa kwenye kipande cha gome laini. Kilichobaki ni tone la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, kichwani pa kila nzi ili fundo lisifumuke. Hiyo ilikuwa kazi ya Vifungo, Jumapili alasiri baada ya ibada, kaka akiwa amejilaza. Jumamosi inayofuata, kabla ya kuanza wengine, Mzee Nukta aliwakagua wa wiki iliyopita kwa lenzi aliyotoka nayo kiwandani, mmoja baada ya mwingine, ndipo akawapanga kwenye kisanduku cha bati. Na nzi wake walisifika. Katika klabu ya wavuvi wa mtoni, mtu akiambiwa huyu kafungwa na Nukta, alimfungia kwenye leso.

Ilikuwa mwaka uleule walipomzika wifi. Jumamosi moja Vifungo aliinua macho akaona uzi wa kaka yake unapita kando ya ndoana. Haukuigusa. Ukazungushwa hewani mara mbili kabla haujaishika. Kisha mkasi ukaja, ukakata mahali pasipo na kitu.

"Taa hii imekufa," Mzee Nukta alisema. "Kanunue balbu."

Akanunua balbu. Wiki iliyofuata kaka akasema na hii mwanga wake ni maji matupu, dada akanunua nyingine yenye mwanga wa kuumiza. Uzi uliendelea kupita kando.

Jumapili yake, Vifungo alipomshika nzi wa kwanza wa kaka ampake rangi, alifumukia vidoleni. Unyoya ulianguka huku, mkia kule. Wa pili alikuwa amefungwa shingo mahali pa kiuno. Vifungo aliliweka lile gome mapajani. Chumba cha pili kaka alikuwa anakoroma. Mke kazikwa, kiwanda kimempa mkono wa buriani, watoto wana yao. Alichobakiwa nacho ni hiki hapa. Mtu mwenye huruma angefanya nini?

"Leo tu," alisema kwa sauti, kama vile kuna aliyemuuliza.

Akachukua wembe, akawavua wale nzi sita mpaka ndoana zikawa tupu. Akawafunga upya, mkia, mwili, unyoya, kichwa. Akawapaka rangi, akawachomeka mahali pao. Jumamosi kaka aliweka lenzi jichoni, akawageuzageuza, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Unajua, Vifungo, wiki iliyopita nilijishuku. Niliona kama ukungu. Nikasema, mzee, macho hayo. Kumbe najitisha bure. Hebu waone!"

Vifungo akawaona. "Wazuri," alisema.

Ile leo tu ilikwenda miaka miwili.

Alikuwa mwanamke wa sala. Kabla ya kulala alihesabu makosa yake ya siku hiyo moja moja, hata neno alilomjibu mwenye duka, hata kijiko cha sukari alichojiongezea. Hili la nzi alilipita. Alilipita si kwa kusahau, alilipita kama mtu anavyopita mlango wa mdai wake, akitazama ng'ambo. Akiulizwa na moyo, aliujibu kwamba ni huruma. Na ilikuwa huruma, lakini haikuwa peke yake. Siku Katibu wa klabu alipokuja na kusimama sebuleni akamshika kaka bega, akasema, "Mzee Nukta, wewe ni mtu au shetani? Nzi wako mmoja, trauti wanne! Mmoja alitaka kupanda mwenyewe kikapuni!" Vifungo, aliyekuwa akipita na chai, alihisi masikio yanapata moto wa raha. Miaka yote kiwandani hakuna mtu aliyewahi kukisifu kifungo chake.

"Na mama hapa naye anafunga?" Katibu aliuliza.

"Anajaribu," Mzee Nukta alisema. "Mikono anayo. Jicho ndilo bado."

Wakacheka wote watatu.

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, Binti alikuja. Alikuwa mtoto pekee wa Mzee Nukta aliyekaa karibu kiasi cha kuja, muuza dawa katika mji mwingine, na kazi hiyo ilimpa macho ya kutazama watu. Siku haikuisha kabla hajagundua. Alimwona baba yake anamimina chai, nusu kikombeni, nusu kwenye kisahani. Alimwona anagonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyokaa miaka ishirini.

"Baba, kesho twende ukapimwe macho."

"Kupimwa nini? Mimi?"

"Wewe. Unagonga milango."

"Mlango ndio unanigonga. Njoo hapa." Mzee Nukta akakifungua kisanduku cha bati, akammiminia mwanawe nzi kiganjani. "Shika lenzi. Tazama huo mkia. Nywele tatu, zimeachana sawasawa. Tazama kichwa, mizunguko saba ya uzi, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Nimewafunga juzi. Sasa niambie, msomi wangu, kipofu anafunga hivi?"

Binti alitazama. Kwa kweli nzi walikuwa kama wamezaliwa.

"Macho ya mfanyakazi hayapimwi ukutani kwa herufi kubwakubwa," Mzee Nukta alisema. "Yanapimwa kwa kazi yake. Siku nzi wangu wakipinda, nitakwenda mwenyewe, wala hutanisukuma. Nakuahidi mbele ya shangazi yako."

Vifungo alikuwa amesimama na sinia. Ilikuwa imewekwa mbele yake mezani, wazi, ahadi ya mtu asiyesema mambo mara mbili.

Binti alimfuata jikoni akarudisha mlango. "Shangazi, wewe unaishi naye. Niambie kweli. Baba anaona?"

Maji yalikuwa yakichemka. Vifungo akayaepua, akafunika sufuria, akakunja kitambaa. Akaona kwa mara moja yote ambayo angepaswa kuyasema, na uso wa kaka yake akiyasikia, na Katibu akiyasikia, na meza ya dirishani ikiwa na kiti kimoja.

"Anaona kuliko mimi," alisema. "Ni uzee tu, mwanangu. Na uzembe. Hao ndio wanaume."

Binti akacheka, akamkumbatia, akaondoka kesho yake asubuhi.

Baada ya hapo Jumapili zilikuwa nzito. Nzi wa kaka walizidi kuharibika, wengine walikuwa mafundo ya uzi tu, unyoya umelala humo kama takataka. Akawa hawavui tena kwa wembe, anawatupa na kuchukua ndoana mpya. Mara mbili alianza kumwambia. Mara ya kwanza kaka alikuwa na mafua. Mara ya pili alikuwa na furaha.

Mwaka mwingine ukapita, ndipo Katibu alipomleta kaka kutoka mtoni akiwa amelowa mpaka kifuani, mguu umechubuka. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo la ukingoni, upande wa kulia, shimo ambalo, Katibu alisema, ng'ombe angeliona. "Samahani, mama, lakini huyu bwana hakuliona kabisa. Nilimwambia kuna shimo, akaniuliza wapi, naye kishaingia."

Safari hii Mzee Nukta hakubisha. Alikwenda.

Daktari wa macho alikuwa mtu wa taratibu. Alimwekea kidevu kwenye mashine, akampa kitufe mkononi. "Mzee, ndani humo zitawaka nukta za mwanga, moja hapa, moja pale. Kila ukiona moja, bonyeza." Vifungo aliruhusiwa kuketi kando, mahali ambapo kioo cha mashine kilionekana. Nukta ziliwaka. Kulia, juu, chini, kulia tena. Kidole cha kaka yake kilikaa juu ya kitufe, tayari, kikingoja. Kilingoja sana. Mara mojamoja kikabonyeza.

"Tumeanza?" Mzee Nukta aliuliza.

"Tumemaliza," alisema daktari.

Akawaeleza polepole. Ni presha ya macho. Haiumi, haina kelele, inakula pembeni kwanza na mwenyewe hajui. Jicho la kulia limekufa. La kushoto limebaki na kitundu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hicho nacho kinaziba. Dawa ya matone itachelewesha kidogo. Kilicholiwa hakirudi.

"Lingewahiwa?" Mzee Nukta aliuliza.

"Miaka miwili nyuma hili la kushoto ningekuachia karibu lote. Hata mwaka mmoja nyuma, sehemu kubwa." Daktari akakunja karatasi. "Ajabu ni kwamba hukushtuka. Watu wa kazi za mikono huwahi kuja. Mshonaji anakosa tundu la sindano, seremala anapiga kidole badala ya msumari. Wewe hukuwa na kazi ndogondogo?"

"Nafunga nzi."

Mzee Nukta akatoa kisanduku mfukoni, akakifungua kwa kupapasa. Daktari alimchukua mmoja, akamweka chini ya taa. Alimtazama nzi, akatazama karatasi ya vipimo, akamtazama mzee.

"Huyu umemfunga lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Kwa macho haya?"

"Sina mengine."

Daktari alicheka kidogo. "Basi, mzee wangu, wewe ni muujiza, au una mtu anayekusaidia."

Vifungo alikuwa anatazama viatu vyake. Aliporudishiwa nzi, Mzee Nukta hakumrudisha kisandukuni. Alimshika kati ya vidole viwili njia nzima, mpaka nyumbani.

Alasiri ileile alijivuta mpaka meza ya dirishani. Akapapasa jiliwa yake, akambana yule nzi. Akaomba wembe.

"Wa nini, kaka?"

"Nipe."

Akampa. Mzee Nukta akakichokonoa kile kichwa chenye rangi kwa ncha, taratibu, kidole kingine kikilinda, mpaka akaipata ncha ya uzi. Akaishika kwa kucha. Uzi wa Mzee Nukta ulikuwa ukizungushwa kupita juu ya ndoana kwenda mbele, upande wa dirisha, kwa hiyo ukiufumua ungekuja kifuani pake. Akauvuta uje. Haukuja. Akauachia, akausukuma upande wa dirisha, nao ukafumuka bila ubishi, mzunguko mmoja, miwili, mitatu, mpaka saba. Unyoya ukaanguka juu ya meza.

Akabana nzi wa pili kutoka kisandukuni. Na wa tatu. Wote walifumukia dirishani, kinyume, kama waliofungwa ndani ya kioo.

"Kaa," alisema.

Vifungo alikaa kwenye kiti chake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa wifi. Kaka, ulikuwa..."

"Sijakuuliza nilikuwaje. Wote?"

"Wote."

"Wale aliochukua Katibu?"

"Ndiyo."

"Na siku ile Binti alipokuja. Wale niliommiminia mkononi."

Vifungo aliitikia kwa kichwa.

"Nakuuliza, Vifungo. Mimi sikuoni usoni, kwa hiyo lazima useme."

"Na wale pia."

Mzee Nukta alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali hesabu. "Nilijishuku kila Jumamosi," alisema. "Unanisikia? Kila Jumamosi nikiinuka hapa nilijiambia, sasa basi, wiki ijayo nikiwakuta wamepinda naenda hospitali. Jumamosi ikifika, naweka lenzi, naona kazi safi, naghairi. Miaka miwili. Nilikuwa nayapimia macho yangu kwako, bila kujua."

"Nilikuonea huruma, kaka yangu. Haki ya Mungu."

"Ulinionea huruma." Alilirudia kama neno la lugha ngeni. "Ungenionea hasira. Ungenicheka mbele ya Katibu, ungeniita kipofu barabarani. Sasa hivi ningekuwa naliona dirisha lote."

Aliyelia ni Vifungo, si kaka. Kaka alikaa akikusanya manyoya kwa kiganja, akiyakosa, akiyakusanya tena.

Hawakugombana baada ya hapo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kaka alikula alichopewa. Akielekezwa kiti, alikaa. Alisema asante, neno ambalo ndugu hao hawakuwa wakiambiana. Jumamosi ilifika, meza ya dirishani ikawa na sufuria za kukausha. Usiku Vifungo alipiga magoti, na lile alilokuwa akilipita sasa lilikaa mlangoni, halipitiki tena. Aliomba msamaha kwa Mungu na akaamini amesikiwa. Haikumsaidia kitu asubuhi, akimwongoza kaka yake kwenda msalani.

Mzee Nukta mwenyewe ndiye aliyempigia Binti simu. Alisema anataka kukaa naye. Hakusema sababu.

Binti alikuja na gari la kukodi. Alimkumbatia shangazi yake barazani, macho mekundu. "Pole, Shangazi. Umembeba peke yako miaka yote. Mungu atakulipa."

Vifungo angeweza kuyapokea hayo. Kaka yake alikuwa amemwachia nafasi hiyo, alikuwa amenyamaza kabisa, na wala haikujulikana kama ni wema au ni adhabu. Badala yake Vifungo alimshika Binti mkono akampeleka jikoni, mahali palepale, akamwambia. Alimwambia yote, hata yale masikio yaliyopata moto.

Binti hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza wagonjwa dirishani kwake.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Hapa. Nilifunga mlango nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ningembeba mgongoni siku ileile."

"Najua, mwanangu."

Binti akautoa mkono wake ule uliokuwa umeshikwa. Akaenda kubeba masanduku.

Mzee Nukta alikuwa ameshaketi mbele kwenye gari, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Alivaa shati lake la kwendea mtoni. Vifungo alisimama kwenye mlango wa gari. Alitaka kusema mengi, lakini akakumbuka matone yamebaki kwenye kabati, akakimbilia ndani akayaleta.

"Kaka, dawa yako hii. Ni ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, tone moja moja. Nimekuwekea chupa mpya, ile ya zamani iliisha jana."

Akamwekea kiganjani. Mzee Nukta aliipapasa ile chupa, kizibo, kitako, karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kisha akaunyoosha mkono upande wa usukani, ambako mwanawe alikuwa akiingia.

"Binti," alisema, "hebu nisomee hapa. Ni yenyewe?"

Binti akaichukua, akaisoma, akaigeuza akasoma na upande wa pili.

"Ni yenyewe, Baba."

"Haya," alisema Mzee Nukta, akaitia mfukoni, na gari likaondoka.